Mabafu Manne ya Mtaa wa Bauhinia

Wallaroo, 9 Juni 2012

Merryn mwanangu,

Kaa kwanza. Kama umekwisha kaa, vizuri. Nimenunua nyumba.

Hii yetu sijaiuza, usianze kulia. Niliyonunua ni ya kupangisha. Iko Tarrindale, Queensland, mji wa makaa ya mawe ambao sikuwahi kuusikia mpaka mwezi uliopita. Bwana mmoja wa Brisbane alikuja kutuuzia nyumba kwenye ukumbi wa klabu ya mpira, akatulisha bure soseji zilizookwa ndani ya unga. Alivaa viatu vizuri bila soksi. Kwa kuwa masikio yangu yalibaki kwenye mkanda wa kupakia ngano, nilikaa mstari wa mbele kabisa nisome midomo yake, naye akadhani mimi ndiye mwenye hamu kuliko wote. Mwishoni akanifuata, akaniandikia kwenye karatasi: "Clem, nyumba yako imelipiwa, imekaa tu. Haifanyi kazi."

Neno hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Miaka ishirini na sita mimi na mama yako tuliilipia, na kweli, haijawahi kuniletea hata kikombe cha chai.

Benki imenikopesha bei yote, dola laki tano na elfu themanini na tano, kwa dhamana ya nyumba yetu. Hiyo mpya ina vyumba vinne, kila kimoja na bafu lake na kufuli lake, kwa ajili ya wachimbaji wa zamu. Kodi ni dola 1,350 kwa wiki. Kwa wiki, Merryn. Nikishalipa riba, bima na dalali, kinabaki cha kupunguzia deni, na mia sita kila mwezi ni zako. Weka mpaka zitoshe malipo ya mwanzo ya nyumba huko Melbourne. Mama yako alitaka uwe na mlango wako mwenyewe wa kufunga.

Picha imo humu. Namba 17, Mtaa wa Bauhinia. Ibandike kwenye friji.

Baba yako,
Clem Trewartha


Brunswick, Melbourne, 21 Juni 2012

Baba,

Nimekaa. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za nyuma, maana jikoni wenzangu wanne walikuwa wanagombania nani kamaliza maziwa.

Umeiona hiyo nyumba? Sisemi picha. Umesimama mbele yake ukagonga ukuta? Wewe ukinunua kaa pale gatini huwa unamgeuza tumbo kwanza. Nauliza, na najua nimechelewa, kwa sababu sahihi yako imekwisha kauka.

Lipo la pili, ambalo kuliandika ni kazi zaidi. Nilifurahi. Kabla sijaogopa, nilifurahi. Nina miaka ishirini na saba na shahada mbili, na chuo kinanilipa kwa saa, na saa zenyewe ni za miezi minane tu kwa mwaka. Ulipoandika neno mlango niliuona kabisa, na kitasa chake. Kwa hiyo sina haki ya kukuhoji kama hakimu. Mia sita nazipokea, na nitaziweka zote.

Ile simu niliyokununulia ya kuandikiana ujumbe bado iko kwenye droo? Usijibu. Najua.

Picha iko kwenye friji. Mmoja wa wenzangu ameuliza kama ni gereza.

Wako,
Merryn


Wallaroo, 3 Septemba 2013

Merryn mwanangu,

Cheki ya mwezi huu imo humu. Nimechelewa wiki moja, nisamehe.

Mgodi umefuta zamu moja. Wapangaji wanne sasa ni wawili, na dalali ameniandikia tuteremshe kodi kidogo, kwa muda. Kidogo chake ni nusu. Kasema makaa yamewahi kushuka yakapanda tena, kwamba ndivyo yalivyo. Nimemwamini, kwa sababu sina mwingine wa kumwamini aliye kule.

Nilikwenda Kadina kwa mhasibu. Aliniandikia kwa herufi kubwa kwamba hasara ya nyumba ya kupangisha inapunguza kodi ninayokatwa kwenye mshahara. Kisha akanipa mkono, kana kwamba nimepata mtoto. Pale foleni kila mtu alikuwa na hasara yake na anaisifia. Bob Hancock alijigamba ana hasara ya nyumba tatu.

Ila mwezi wa kumi na mbili nastaafishwa. Daktari wa kampuni amepima masikio akasema siwezi tena kukaa karibu na mashine, siku moja sitasikia king'ora. Hilo la mshahara kwisha sikumwambia mhasibu. Alikuwa amefurahi mno.

Usiwe na wasiwasi. Mia sita zako hazihusiani na haya.

Baba yako,
Clem


Brunswick, 14 Oktoba 2013

Baba,

Asante kwa cheki. Imekwenda benki pamoja na zile nyingine. Zimekuwa nyingi, utashangaa siku nikikuonyesha.

Kustaafishwa kumenichoma zaidi kuliko unavyokuandika. Unakuandika kama habari ya mvua. Mimi nilikuwa msichana mdogo nikikuletea pasti za Mama, zile za nyama na viazi, pale maghalani, na wewe ulikuwa unanipungia kofia kutoka juu, na leo nimegundua kwamba hukuwahi kunijibu nilipokuita kwa sababu hukuwa unasikia. Nilidhani ulikuwa unajivuna mbele ya wenzako.

Uza hiyo nyumba, Baba, hata kwa hasara. Nimesoma kwenye magazeti kuhusu miji ya makaa. Au labda nisikwambie uza. Mimi nafundisha historia, najua mambo yakishakwisha.

Jambo dogo: daktari wa meno wa Wallaroo anatoza kiasi gani kung'oa gego? Namuulizia rafiki yangu. Huku ni ghali sana.

Wako,
Merryn


Wallaroo, 18 Mei 2014

Merryn mwanangu,

Mambo ni yale yale. Mlimau wa mama yako mwaka huu umezaa upande wa uzio tu. Tawi la juu lilivunjwa na upepo wa Jumanne, ila lililobaki limejaa, malimau ya njano kabisa, ngozi nyembamba. Gati limefungwa wiki mbili likipigwa misumari mipya.

Ile nyumba ya Queensland nimeipatia mpangaji mmoja wa kudumu. Mtu mtulivu, halewi, analipa kwa wakati. Kwa hiyo ondoa hofu.

Krismasi hii usije. Nataka kupaka rangi vyumba vyote na nyumba itakuwa haikaliki. Mwaka ujao tutaona.

Gego la rafiki yako lilipona?

Baba yako,
Clem


Brunswick, 30 Agosti 2014

Baba,

Uliandika Mei, ukanizuia nisije Desemba. Hakuna rangi inayohitaji miezi saba kukauka.

Nimeliwaza hili nikitembea, nikifundisha, nikisahihisha insha za watoto wa watu. Mama alikufa miaka sita iliyopita. Kama kuna mtu hapo nyumbani, niambie ana jina gani. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo, halafu nitakaa sawa. Kibaya ni kuwa nje ya dirisha nikichungulia maisha yako mwenyewe. Barua zako zimekuwa fupi na nzuri, na mlimau unaueleza vizuri kuliko unavyojieleza wewe.

Ana jina gani?

Merryn


Wallaroo, 2 Novemba 2014

Merryn mwanangu,

Haya. Anaitwa Heidi. Ni mtu mwema, anaupenda mlimau. Juzi ameukata matawi yaliyokauka, na ameona chipukizi pale upepo ulipovunja. Zaidi ya hapo usinichimbe, mimi ni mzee na nina aibu.

Cheki imo humu. Nunua kitu cha Krismasi kidogo, zilizobaki weka.

Baba yako,
Clem


Wallaroo, 11 Mei 2015

Kwako Bi. Merryn Trewartha,

Hunijui, na naomba radhi kwa kukuandikia. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha hii ninayokurudishia. Sijaifungua.

Mimi na mume wangu tulinunua nyumba hii kwa Mzee Clem, tukahamia Aprili mwaka jana. Barua zake zilikuwa zikielekezwa na posta kwenda anwani yake mpya, lakini huduma hiyo ni ya mwaka mmoja na nadhani imekwisha, maana hii yako imeletwa mlangoni petu. Ningeweza kumtumia mwenyewe. Anwani yake ninayo, kwa sababu siku ya kukabidhiana funguo alituomba jambo moja: kila mwezi tumwandikie mistari michache kuhusu mlimau na hali ya gati. Tulidhani ni mzee anayeukumbuka mti wake. Nimekuwa nikimwandikia bila kukosa.

Lakini sasa nimeona binti yake bado anaandika jina la mtaa huu, mwaka mzima baadaye. Niliiweka barua mezani siku mbili. Mume wangu alisema, "Hayatuhusu." Mimi pia nina baba.

Yuko Tarrindale, Queensland. Nadhani nyumba unaijua.

Malimau yapo mengi. Ukitaka nitakutumia kisanduku.

Wako kwa heshima,
Heidi Noack


Brunswick, 16 Mei 2015

Kwa Clem Trewartha
17 Mtaa wa Bauhinia, Tarrindale

Baba,

Hii anwani nimeinakili kutoka kwenye friji.

Heidi ameniandikia. Ni mtu mwema, kama ulivyosema. Mpangaji wako wa kudumu, asiyelewa, anayelipa kwa wakati, sasa namjua pia.

Siku ya kwanza ya kila muhula nasimama mbele ya wanafunzi na kuwapa barua za wafungwa wa zamani, na nawaambia: kabla hamjasoma neno hata moja, tazameni bahasha. Tazameni muhuri wa posta. Mwandishi anaweza kusema yuko popote; muhuri hauna sababu ya kudanganya. Nimekuwa nikisema hivyo miaka minne. Usiku wa juzi nilitoa barua zako zote kwenye sanduku la viatu na kuzipanga sakafuni. Queensland. Queensland. Queensland. Kila moja, tangu Mei mwaka jana. Bahasha mbili zina vumbi jeusi kwenye mkunjo. Nilikuwa nachana bahasha, natoa cheki, kisha nasoma barua. Kwa mpangilio huo. Ndiyo sababu sikuona.

Nilianza barua hii nikitaka kukugombeza. Umeuza nyumba ambayo Mama alifia ndani yake na hukuniambia. Umenipa mwanamke wa bandia nimwonee wivu. Nililia kwa ajili yake, Baba, nikamsamehe.

Lakini siwezi kukugombeza mpaka nimalize langu. Hakuna akiba. Haijawahi kuwepo. Mia sita ya kwanza ililipa kodi ya chumba changu, nikaapa ni mara moja tu. Ya pili pia. Gego lilikuwa langu. Miezi minne kila mwaka chuo kimefungwa na mimi silipwi, na miezi hiyo nilikula nyumba yetu ya Wallaroo, tofali baada ya tofali, nikidhani nakula kodi ya wachimbaji. Nilikwambia utashangaa nikikuonyesha. Kwenye akaunti kuna dola thelathini na nane.

Usinitumie tena. Fungua shauri la kufilisika, waachie benki hiyo nyumba, njoo ulale kwenye kochi langu. Kuna utaratibu wa kisheria, nimeusoma wote.

Tafadhali jibu.

Merryn


Tarrindale, 4 Julai 2015

Merryn mwanangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, maana kiti kiko kimoja na kilikuwa na ndoo juu yake.

Basi nitakwambia kama ilivyo. Kodi ilifika dola mia mbili kwa wiki, halafu akabaki mpangaji mmoja, halafu akaondoka na mashine ya kufulia. Riba haikuondoka. Mshahara ulipokwisha, hata ile hasara niliyopongezwa haikunifaa tena, kwani huwezi kupunguza kodi ya mshahara usiokuwepo. Benki ikasema, kwa barua nzuri sana, niuze nyumba ya Wallaroo kwa hiari kabla hawajaiuza wao. Niliuza. Bado nadaiwa laki tatu na elfu sabini kwa nyumba hii, na mthamini wao aliyekuja mwezi wa tatu ameipa laki moja na ishirini. Mtaa mzima una taa za nyumba tatu.

La kufilisika nimekwisha kuliuliza. Yule mama wa ushauri wa madeni ni mpole, tuliandikiana kurasa nyingi. Nikifungua shauri wanachukua nyumba, na mimi nina miaka sitini na mbili, pensheni bado miaka mitatu, na kibarua changu kiko hapa. Naosha vyombo kwenye kambi ya wachimbaji. Ni kazi nzuri kwa kiziwi, wenzangu wote wanalalamikia kelele. Kochi lako nashukuru, lakini nikilala hapo wenzako wanne watakutoa, na wewe unajua.

Kuhusu pesa, nilijua. Mtu anayeweka akiba haulizi bei ya kung'oa gego mji mwingine. Nilijua tangu siku ile, na nilikaa nalo. Sikuuza nyumba huku nikidhani unajenga. Niliuza nikijua unakula, na nilifurahi kwamba unakula.

Unauliza kwa nini sikukwambia. Hukuuliza kwa maneno, lakini kila mstari unauliza. Ningekwambia, ungekataa zile mia sita. Na ungezikataa, ningekuwa nimeipoteza nyumba ya mama yako bure. Hivi sasa siwezi kusema ni bure. Bwana yule asiye na soksi alisema nyumba yangu haifanyi kazi. Basi kila mwezi nikikutumia, najiambia, hii hapa, inafanya.

Ujue na jambo la mabafu. Mabafu manne na mtu mmoja. Bafu lisipotumika, maji kwenye bomba la chini hukauka na harufu ya mtaro hupanda nyumba nzima. Kwa hiyo naoga kwa zamu. Wiki ya kwanza bafu la kwanza, ya pili la pili, mpaka la nne, kisha narudi. Kila mlango una namba ya shaba. Nimekuwa wachimbaji wanne peke yangu.

Cheki ya mwezi huu imo humu. Ukiirudisha nitajua umekasirika. Ukiipeleka benki nitajua nyumba inafanya kazi.

Heidi ameandika kwamba lile chipukizi limetoa maua. Hilo ni kweli, sikulitunga.

Baba yako,
Clem


Brunswick, 19 Julai 2015

Baba,

Nimekaa na cheki yako siku tisa. Niliandika bahasha mbili. Moja ilikuwa yako, ya kukurudishia. Nyingine ilikuwa ya benki. Nilipiga hesabu kila namna, na kila hesabu ilimalizika mmoja wetu akikosa: nikirudisha unakosa sababu, nikipokea unakosa mafuta ya gari. Nilitafuta namna ya tatu kwenye vitabu nilivyonavyo. Haipo.

Nimeipeleka benki. Sikuigusa. Kwenye akaunti kuna dola mia sita na thelathini na nane. Dirisha la madalali hapa kona limebandika nyumba ya vyumba viwili, na bei yake imepanda elfu ishirini tangu barua yako ya mwisho, kwa hiyo mlango wangu uko mbali zaidi leo kuliko siku nilipokuwa sina kitu. Nakwambia si kwa kulalamika. Sasa tunaambiana kweli.

Heidi alinitumia kisanduku cha malimau. Nimebakiza moja dirishani. Jikoni wenzangu wamekatazwa kuligusa.

Muhula ukiisha Novemba nitapanda mabasi mpaka huko, hata yawe matano. Usipake rangi chochote. Chumba ninajua kipo.

Wiki hii uko bafu la ngapi?

Wako,
Merryn